Mnyama Hauawi na Unene wa Risasi

Ndovu wakiingia mashambani, iwe ni Sagalla, Mwatate au kule Kasigau, baraza huitishwa, chifu husimama, na kabla mkutano haujafika katikati mzee mmoja huinua bakora akasema neno ambalo kila mtu alikuwa akilingoja: askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) wana bunduki ndogo, wapewe kubwa. Makofi. Kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma huongeza kwamba hata wasipomwua, wampige ya mguu, akakome huko huko Tsavo. Makofi tena, na vigelegele juu.

Uchungu wa mahindi yaliyokanyagwa usiku mmoja naujua, na simlaumu anayepiga makofi. Ila imani yenyewe ni potofu. Tumejiaminisha kwamba risasi nene ndiyo inayoua na nyembamba hukwaruza tu. Wawindaji wa Ulaya na Marekani wana ugonjwa huo huo, na wao wana pesa za kuugharamia. Sisi tunao bure, tena katika kaunti ambayo historia yake yote inaukana.

Anza na simba wa Tsavo, maana hiyo ndiyo hadithi tunayowauzia watalii. John Henry Patterson alifika Tsavo Machi 1898 kujenga daraja la reli, na mwezi Desemba alikuwa bado anahangaika na simba wawili waliokuwa wakila vibarua wake. Bunduki yake ya kawaida ilikuwa .303, risasi ya milimita 7.7, upana wa penseli. Asubuhi ya tarehe 9 Desemba aliona hiyo haitoshi, akabeba ya kuazima, nzito na yenye nguvu zaidi. Simba akatokea mbele yake karibu kabisa. Mtutu wa kwanza ukagoma. Wa pili ulilia, ukampata, lakini simba akajiendea zake vichakani. Kwa maelezo yake mwenyewe, Patterson aliilaani bunduki ile pamoja na mwenyewe na aliyeiunda. Usiku huo huo, akiwa juu ya ulingo wa miti, Patterson alimwua simba yule kwa risasi iliyopenya nyuma ya bega na kufika moyoni.

La kufundisha zaidi ni simba wa pili, aliyeuawa siku ishirini baadaye. Walipomchunguza walikuta matundu sita ya risasi. Tena mgongoni, chini kidogo tu ya ngozi, wakakuta donge la risasi ambalo Patterson alikuwa amempiga nalo siku kumi hivi kabla, akiwa juu ya ulingo. Lilikuwa donge nene la risasi tupu, pana kuliko ile ya .303 kwa mbali. Liliingia kwenye nyama ya juujuu likakaa hapo, na simba akaendelea kutembea nalo kama mtu anayetembea na mwiba. Unene ulikuwepo. Kilichokosekana ni kina.

Wazee wa Kiwaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wangecheka. Hao waliua ndovu katika nyika hii kwa karne nyingi bila baruti hata chembe. Upinde wao ulihitaji nguvu ya kuvuta inayozidi kilo 45, na ulipopimwa uliwashangaza Wazungu waliodhani pinde za namna hiyo zilikwisha na vita vya kale vya Uingereza. Kichwa cha mshale kilikuwa chembamba makusudi, ili kipite ngozi na kufikisha sumu ya msunguti ndani. Sumu husimamisha moyo. Mshale kazi yake ni kuibeba tu. Maafisa wa hifadhi ya Tsavo, David Sheldrick na Bill Woodley, walipoanza kampeni yao dhidi ya ujangili miaka ya 1950, waliokuwa wakiwatafuta hawakuwa watu wa mizinga. Walikuwa watu wa mishale. Na msidhani hayo ni ya zamani: Satao, ndovu dume mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, alikufa Tsavo Mashariki tarehe 30 Mei 2014 kwa mshale wa sumu.

Simsifu jangili. Nasema tu kwamba mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu ameangushwa hapa kwetu, tena na tena, na kitu chembamba kuliko kidole.

Vuka mpaka uende Karamoja, Uganda. Mskoti aitwaye W.D.M. Bell aliwinda pembe huko mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua ndovu zaidi ya elfu moja maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi. Wenzake walibeba mizinga iliyotupa gramu 32 na zaidi, na walimwona mwendawazimu. Lakini Bell alifanya kazi ambayo wao hawakuifanya: alichukua msumeno akapasua fuvu la ndovu aone ubongo umekaa wapi.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya fuvu la ndovu, usipite haraka. Litazame. Paji lile kubwa linalokutisha ni kama sega la nyuki, vyumba vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za mfupa. Ubongo wenyewe, kilo tano hivi, umejificha nyuma kabisa na chini, mbali na pale ambapo mtu mwenye hofu angelenga. Risasi ya ukubwa wowote ikipita juu ya ubongo huo imepita kwenye hewa na mfupa, na ndovu anabaki na maumivu ya kichwa na hasira. Ya Bell, ndefu, nyembamba na ngumu, ilipita mfupa ikaenda moja kwa moja hadi alipotaka, kwa sababu alijua anapotaka.

Hapa ndipo watu wa unene wanapochanganya mambo. Risasi huua kwa kuharibu kiungo ambacho mnyama hawezi kuishi bila hicho: ubongo, uti wa mgongo, moyo, mapafu. Kuna risasi za aina mbili za kuchagua. Moja ina ncha laini ya risasi tupu. Ikigusa mwili hufunguka, hutanuka hata mara mbili ya upana wake, ikamaliza nguvu zake ndani. Nyingine imefunikwa shaba au chuma kote, haifunguki, hupita. Swala pala mwenye kilo hamsini au sitini anahitaji ile laini. Mpige na ngumu na itatoka upande wa pili ikiacha kitundu, naye atakimbia kilomita kadhaa akafie mahali ambapo fisi ndiye atakayemwona. Ndovu ni kinyume: ngozi yake ni nene, na ile laini ingefunguka hapo juu ikakwama, kama lile donge la Patterson.

Kwa hiyo mnyama mdogo anataka risasi ya kutanuka, na mkubwa anataka risasi ya kutotanuka. Hiyo sayansi imekaa kichwachini ukiilinganisha na mazungumzo ya barazani.

Ndiyo maana pia bunduki ya kivita ni chombo kibaya cha kuwindia swala. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi za kufunguka vitani, na tangu hapo majeshi hutumia zilizofunikwa kote. Majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku risasi hizo hizo za kijeshi katika uwindaji wa ayala. Huko wawindaji wengi hujitengenezea risasi nyumbani: ganda lililotumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani ya dawa, na juu yake risasi iliyochaguliwa. Kwetu, kufanya hivyo bila leseni kutakupeleka mahakamani, na uwindaji wenyewe serikali iliufunga Mei 1977. Lakini makosa yao yanatuhusu, maana ni yetu pia. Anayejitengenezea huongeza baruti na kutafuta kipenyo kikubwa, kisha risasi yake laini, ikikimbia kupita kiasi, hupasuka kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika kwenye mapafu. Jirani yake mwenye .243, risasi ya milimita 6 tu, amesharudi nyumbani na nyama. Kule Sweden, watu huua ayala mkubwa wa kaskazini aitwaye moose, mwenye uzito wa pofu wetu, kwa risasi ya milimita 6.5, na wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Najua nitakachojibiwa. John Taylor, mwindaji mwingine wa Afrika, aliandika mwaka 1948 hesabu ya nguvu ya risasi: uzito mara kasi mara kipenyo. Kwa hesabu hiyo, .470 inamzidi Bell mara nne na nusu. Na nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji hudai .375 kwa wanyama hatari. Sawa. Lakini muulizeni Taylor hesabu yake ilipima nini. Ilipima ndovu atalala kizunguzungu kwa muda gani endapo risasi ya kichwa itaukosa ubongo. Ni hesabu ya aliyekosea. Bunduki kubwa ina maana yake kwa mtu ambaye nyati anamjia akiwa hatua kumi na hana nafasi ya kulenga vizuri. Ampe Mungu shukrani na apige. Sheria inamfikiria mtu huyo, na mimi sibishani nayo.

Ila bunduki hiyo inatoza bei yake. Hupiga teke begani mara kadhaa zaidi ya ile ndogo. Baada ya risasi chache, mtu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mkono hutetemeka. Mpe askari mzinga ambao anauogopa, na utakuwa umempa sababu mpya ya kukosa.

Sasa turudi kwa kijana wa bodaboda na risasi yake ya mguu. Ndovu mwenye risasi mguuni hapati adabu. Anapata jeraha linalooza. Anashindwa kutembea mbali na maji, na maji yako karibu na watu. Anashindwa kwenda na wenzake, hivyo anabaki peke yake pembeni mwa shamba lako, mwenye maumivu, akimwogopa na kumchukia kila anayenuka kama mtu. Mtoto anayekwenda shule alfajiri ndiye atakayekutana naye. Hiyo risasi ya kumkomesha inamfanya mnyama asumbue zaidi kuliko alivyokuwa jana.

Kwamba unene wa risasi si kitu, majangili wa bunduki za AK walitufundisha kwa njia mbaya kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tsavo ilikuwa na ndovu zaidi ya 20,000. Hesabu ya 1988 ilikuta wasiofika 6,000. Risasi ya AK ina gramu nane tu. Waliua kwa kumimina, wala si kwa kulenga, na wengi wa ndovu hao walikufa polepole. Udogo wa risasi haukumwokoa ndovu hata mmoja.

Na kama mnataka kuona ndovu dume wa tani tano akilala chini ndani ya dakika chache, mwangalieni daktari wa wanyama wa KWS akifanya kazi. Kishale chake kina miligramu chache za dawa. Hakuna aliyewahi kusimama barazani akadai kishale kikubwa zaidi.

Kwa hiyo mkiitwa tena barazani, na wataitisha, mzee akiinua bakora mwacheni amalize, kisha msimame muulize maswali mengine. Askari aliyepangiwa kata yetu amepiga risasi ngapi za mazoezi mwaka huu? Amewahi kuonyeshwa fuvu lililopasuliwa? Daktari huchukua saa ngapi kufika kutoka Voi, na gari lake lina mafuta? Andikeni majibu, na yule atakayeshindwa kujibu msimpigie makofi.