Binti Yairo katika wadi ya watoto



Injili inatusimulia habari za Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu wa cheo na heshima, aliyejitupa miguuni pa Yesu mbele ya umati kwa sababu binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi. Hakujali watu watasema nini. Humkumbuka mzee huyo kila tunapokwenda, sisi wanajumuiya, kuwatembelea watoto wagonjwa hapa Lubumbashi.

Mtoto aliyekonda, anayerudiwa na homa na kikohozi, hupimwa malaria siku ile ile anapofikishwa. Kipimo cha virusi vya Sida huweza kungoja, au kisifanyike kabisa. Vifaa hupungua, ni kweli, lakini kuna sababu nyingine tunayoikwepa: kumpima mtoto ni kugusa siri ya wazazi wake. Mama anaogopa kufukuzwa nyumbani, baba hataki kuulizwa, na muuguzi, akiyajua hayo, ananyamaza. Ukimya wa wakubwa unalipwa na mdogo.

Malipo yake ni mazito. Pasipo matibabu, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia watoto wachanga dawa mapema, bila kungoja dalili, kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 76. Tujue pia kwamba kwa mtoto aliye chini ya miezi 18 kipimo cha haraka hakitoshi, kwa kuwa huweza kuonyesha kingamwili alizopewa na mama yake; yeye anahitaji kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Na wako waliofikia ujana bila kujua hali yao, hasa yatima wanaolelewa na bibi au shangazi ambaye hakuambiwa marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Kwa maoni yangu, kila mtoto na kila kijana anayelazwa hospitalini apewe nafasi ya kupimwa, kama vile anavyopimwa joto na uzito. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mhudumu wa afya ndiye aanzishe jambo hilo, asingoje kuombwa. Likiwa desturi kwa wote, hakuna familia itakayonyooshewa kidole.

Wapo watakaosema kwamba kijana asipimwe pasipo mzazi. Hoja hiyo naiheshimu, maana familia ni kanisa la nyumbani. Hata hivyo, mwaka 2018 nchi yetu iliirekebisha sheria yake ya 2008 ihusuyo haki za watu wanaoishi na virusi, ili kijana mwenye utambuzi aweze kupimwa hata bila idhini ya mzazi. Kijana aliyejipa moyo wa kufika peke yake asirudishwe mlangoni.

Tena, tutazame alichofanya Yesu alipofika nyumbani kwa Yairo. Aliwatoa watu nje, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu tu. Jibu la kipimo lilindwe vivyo hivyo, lisigeuke mazungumzo ya sokoni wala ya uani mwa kanisa. Siri iwepo kwa ajili ya kumlinda mtoto, isiwe kisingizio cha kumnyima kipimo.

Nasi walei tuna sehemu yetu. Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, iliyoanzishwa na walei huko Roma mwaka 1968, ilifungua nchini Msumbiji mwaka 2002 huduma iitwayo DREAM, ya kuwatibu mama na watoto wao. Haut-Katanga imetegemea sana misaada ya Marekani, na tangu Januari 2025 tumeona jinsi msaada wa mbali unavyoweza kutikisika kwa siku moja. Yaliyo karibu yamo mikononi mwetu: kumsindikiza mama anayeogopa, kuchangia nauli ya bibi atokaye Katuba au Ruashi, kufunga midomo yetu.

Binti alipoinuka, Yesu aliagiza apewe chakula. Ni agizo dogo, la kila siku. Tuanzie hapo.