Wazee Hawakosi Sabuni Tu

Azimio la Arusha la 1967 liliwataja wazee wasiojiweza kuwa miongoni mwa watu wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji. Haki hiyo baadhi yetu tumeigeuza sadaka. Ikifika Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, twaenda makazi ya wazee, kama yale ya Nunge, Kigamboni, na sukari, sabuni na mpiga picha; kabla jua halijapinda tumekwisha ondoka. Hiyo ni kasumba! Sukari haimwamkii mzee wala haimwulizi habari za usiku. Ndugu mwananchi, jitolee kumtembelea mzee mmoja, yule yule, kila Jumamosi, hata mikono mitupu. Kaa naye, mzungumze. Vijana wetu wanaoshinda juani kungojea misafara ya viongozi, kazi hii inawashindaje?