Filamu ya Kwanza Hugharimiwa na Jamaa. Ya Pili Je?

Umezuka usemi katika semina na makongamano ya vijana kwamba siku hizi kila mwenye simu ya mkononi ni mtengenezaji wa filamu. Hupokewa kwa makofi. Mara nyingi anayeutamka ni afisa wa serikali au mwakilishi wa wafadhili, na akishautamka huwa amejiondolea wajibu wa kuzungumzia fedha. Siupingi kwa kuwa ni uongo. Naupinga kwa kuwa unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kijana anayesomea sanaa za maonyesho Dar es Salaam au Nairobi anajua kwamba anaweza kutengeneza filamu moja kwa fedha kidogo, pengine ameshatengeneza. Asilolijua ni kama atakuwa bado anatengeneza filamu atakapofikisha miaka thelathini na mitano, akiwa na watoto wawili na kodi ya nyumba ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo.

Filamu moja ni tukio, kazi ya maisha ni jambo jingine kabisa. Sera zetu, na hata mitaala yetu vyuoni, huchanganya mambo haya mawili.

Tazama jinsi tunavyosimuliana hadithi za bajeti ndogo. Kila mwanafunzi wa filamu amesikia kwamba Robert Rodriguez alitengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, kwa dola 7,000 hivi, na kwamba sehemu ya fedha hizo aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Hadithi hiyo hukatizwa hapo. Haisemwi kwamba kampuni kubwa iliyoinunua ilitumia fedha nyingi mno kuliko hizo kuisafisha, kuihamishia kwenye utepe wa milimita 35 na kuitangaza, kabla mtazamaji wa kawaida hajaiona. Dola 7,000 ilikuwa gharama ya kupiga picha. Gharama ya kuifikisha filamu kwa watu ililipwa na mwingine, na mwingine huyo ndiye ambaye sisi hatuna.

Charles Burnett ana hadithi inayotufaa zaidi, ingawa haina mwisho wa kushangilia. Killer of Sheep ilikuwa kazi yake ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Aliipiga mitaa ya Watts siku za mwisho wa juma, akitumia majirani na marafiki, kwa gharama isiyofika dola 10,000. Ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Wataalamu waliipenda, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa, lakini haikuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa biashara hadi mwaka 2007. Kisa ni kwamba Burnett alitumia nyimbo ambazo hakuwa amelipia haki zake, na kuzilipia baadaye kuligharimu mara nyingi zaidi ya filamu yenyewe. Miaka thelathini ikapita kwa sababu ya santuri. Ningependa kila kijana anayebandika wimbo wa msanii maarufu chini ya onyesho lake la mapenzi, akidhani ataomba ruhusa baadaye, akae na kisa hiki kwa dakika kumi. Mpiga gitaa wa mtaani kwako, ukimlipa na kusaini naye karatasi moja, atakugharimu kidogo kuliko wimbo wa bure.

Sasa turudi nyumbani. Mtu wa kwanza ninayemfikiria ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Alianza kwa kufyatua matofali, akajifunza kuunda kompyuta kwa vipuri vya zamani, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo inatajwa kuwa iligharimu chini ya dola 200. Helikopta ni za kompyuta, bunduki ni vyuma chakavu, damu ilikuwa ya kupaka. Watu wa Ulaya na Marekani waliigundua kupitia mtandao wakacheka, kisha wakaanza kuiheshimu. Mwaka 2015 kikundi chake kiliomba mtandaoni mchango wa dola 160 tu kwa ajili ya filamu nyingine, kikapata zaidi ya dola 13,000.

Wengi huishia kwenye kichekesho. Ninachokiheshimu kwa Nabwana ni mpango wake wa biashara. Diski ziliuzwa mkono kwa mkono, waigizaji wenyewe wakizunguka mitaani, haraka, kabla maharamia hawajazirudufu. Hakumsubiri msambazaji. Alijua mteja wake ni nani na anaishi wapi. Hata sauti ya mchekeshaji anayesherehesha filamu nzima, jambo linalowashangaza wageni, ni desturi ya vibanda vya video vya Kampala, kama ambavyo sisi tulivyokuwa na DJ Lufufu akitufasiria filamu za Kichina katika vibanda umiza. Nabwana aliitengenezea filamu ukumbi uliokuwapo.

Lakini tusilifiche la pili. Ili apate nafasi kwenye kompyuta yake ya kazi iliyofuata, ilimlazimu kufuta mafaili ya Captain Alex. Toleo lililobaki ni lile lenye sauti ya msherehesha juu yake. Hivyo ndivyo bajeti ndogo inavyoonekana ukiitazama kwa karibu. Filamu iliyozunguka dunia haina nakala yake safi kwa kukosa diski ya kuhifadhia ambayo leo bei yake haizidi chakula cha mchana cha kikao kimoja cha wizara.

Hapa kwetu Tanzania tulikuwa na ukumbi wa namna hiyo, na kwa muda ulikuwa mkubwa kuliko wa Wakaliga. Filamu tulizoziita Bongo Movie zilisambaa kwenye diski hadi Lubumbashi na Bujumbura. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika ulionyesha kwamba hadhira ya filamu ya Kiswahili ilikuwepo, tena ikiwa na mapenzi ambayo hakuna tamasha linaloweza kuyanunua. Nini kilitokea kwa tasnia iliyokuwa na hadhira kiasi hicho? Uharamia husemwa sana, na ni kweli uliumiza. Diski nazo zilikufa, jambo ambalo lilitokea dunia nzima. Mimi naweka mkazo kwenye mkataba. Utaratibu uliozoeleka Kariakoo ulikuwa mtayarishaji kumuuzia msambazaji filamu yake pamoja na haki zote, kwa malipo ya mara moja. Aliyefanya hivyo alipata fedha za kulipa madeni na kuanza filamu nyingine haraka haraka, kwa kuwa ile ya jana haikuwa yake tena. Ndiyo maana zilitengenezwa kwa siku chache, zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili. Wahakiki waliwalaumu wasanii kwa uvivu. Mtu asiyemiliki alichokizalisha jana hawezi kupumzika leo ili afikiri.

Majukwaa ya mtandaoni yalipokuja, yalikuja kununua filamu zilizopo pia. Mwenye filamu kumi alizobaki nazo angekuwa na bidhaa kumi. Aliyekuwa ameuza zote alikuwa na jina tu.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwanafunzi anunue kamera gani, humjibu kwa swali: mkataba wako umeandikwaje? Haki ya filamu si kitu kimoja. Waweza kuuza haki ya kuionyesha kwenye televisheni ya nchi moja, kwa miaka miwili, kwa lugha moja, ukabaki na nchi nyingine, na mtandao, na mashule, na ndege. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakutambua wewe kuwa mwenye haki. Isipokuwa pale utakapojiondoa mwenyewe kwa kalamu yako. Wakati mwingine utalazimika kuuza kwa bei mbaya. Uza kwa bei mbaya kwa muda mfupi.

Na waigizaji na mafundi wako wanasaini nini? Hapa tunapenda kujidanganya. Filamu ya bajeti ndogo haipo kwa maana tunayoitumia. Ipo filamu ambayo gharama yake imebebwa na watu wasioandikwa kwenye hesabu: binamu mwenye gari, mwigizaji aliyeacha genge lake wiki mbili, mama aliyepikia watu ishirini. Mara ya kwanza watakubali kwa upendo, mara ya pili kwa aibu, na ya tatu hawatapokea simu. Afadhali watu saba wanaolipwa kidogo na kwa wakati, wakapata hisa iliyoandikwa ya mauzo, kuliko watu arobaini wa kujitolea. Andika hadithi inayotosha watu saba. Nyumba moja, ua mmoja, safari moja ya daladala. Tumia fedha kwenye sauti, kwa kuwa mtazamaji husamehe picha yenye giza lakini hasamehi maneno yasiyosikika.

Pia ile kazi ya kila siku inayodharauliwa isidharauliwe. Video za harusi, sendoff na kitchen party zimefundisha wapiga picha wengi wa nchi hii kuliko idara zetu, nami nafanya kazi katika idara mojawapo. Kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali hulipa vizuri zaidi, ila zinaathiri jicho: baada ya miaka mitano ya kumpiga picha mwanakijiji akishukuru kwa kisima, inakuwia vigumu kumwona akigombana na mkewe.

Nimezungumza na vijana vya kutosha. Nigeukie ofisi.

Satyajit Ray alianza kupiga Pather Panchali akiwa mwajiriwa wa kampuni ya matangazo Kolkata, akitumia siku za mapumziko. Fedha zilipokwisha aliweka rehani alivyonavyo, pamoja na vito vya mkewe. Kazi ilisimama kwa miezi. Kilichomwokoa ni serikali ya jimbo la West Bengal, ambayo haikuwa na fungu la filamu. Inasimuliwa kwamba fedha ziliingizwa katika vitabu kama matumizi ya barabara, kwa kuwa jina la filamu lina neno njia. Filamu ikatoka mwaka 1955, haki zake zikawa za serikali, na serikali ikafaidika nayo kwa miaka mingi. Watumishi wa umma husimuliana kisa hiki kwa kucheka. Mimi nakiona kama hati ya uwekezaji. Serikali ilinunua kitu, ikakimiliki, kikarudisha.

Sisi tumechagua njia nyingine. Tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kupitia mabenki. Mkopo unamfaa mwenye ukumbi, studio au vifaa vya kukodisha, kwa kuwa fedha zinaingia kila wiki. Filamu ya mwongozaji chipukizi hukaa miaka miwili kabla haijaingiza senti, kama itaingiza. Kumpa mtu huyo mkopo wa kurejesha kila mwezi ni kumwambia atengeneze kitu kitakachouzwa Ijumaa ijayo, kisha tunamlaumu kwa kutengeneza kitu cha Ijumaa ijayo.

Halafu kuna vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kama ile ya Kenya inayotangulia uhuru wa nchi hiyo, inamtaka mtu apate kibali kabla ya kupiga filamu na kabla ya kuionyesha. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliongeza leseni ya shilingi 1,000,000 na ada nyingine kama hiyo kila mwaka. Zimepunguzwa baadaye, lakini mantiki imebaki. Mantiki yenyewe ni kumtoza mtu kabla hajapata. Kampuni kubwa huiona ada hiyo kama mchanga kiatuni. Kwa mwenye bajeti ya milioni tano ni siku tatu za kupiga picha.

Hatari ya kupigwa marufuku nayo haigawanywi sawa. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, mwaka 2018, na nyumbani ikapigwa marufuku hadi Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Kumbi zilijaa. Kahiu alikuwa na washirika wa nje waliokwisha kuigharimia. Asiye na washirika hao hajaribu. Anakata onyesho akiwa bado anaandika, na hakuna takwimu itakayoonyesha kilichokatwa.

Wapo waliosubiri milango wakaacha kusubiri. Haile Gerima, Mwethiopia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Howard, alimaliza Sankofa mwaka 1993 na wasambazaji wa Marekani wakaikataa. Akakodi majumba ya sinema mwenyewe, mji kwa mji, kwa msaada wa jumuiya za Wamarekani weusi, na watu wakapanga foleni. Baadaye akafungua duka la vitabu na filamu kando ya chuo chake. Kwetu kuna kumbi za halmashauri, mabwalo ya shule za sekondari na kumbi za vyuo vikuu zinazokaa gizani kuanzia Ijumaa jioni. Halmashauri moja ikiamua kununua haki ya kuonyesha filamu sita za Kiswahili kwa mwaka, kwa shilingi milioni mbili kila moja, itatumia milioni kumi na mbili. Maafisa utamaduni wanaosoma hapa wanajua ni semina ngapi hizo.