Kuchaji gari nyumbani: kontere kwanza, gari baadaye

Kila mara bei ya esanse inapopanda, wenye magari wa Goma, Bukavu na Bunia wanaanza kuulizia zile gari zenye moteri mbili, moja ya esanse na nyingine ya umeme, ambazo betri yake inachajiwa nyumbani kwa kuchomeka waya kwenye prizi. Jibu wanalopata mara nyingi ni jepesi: ukichaji usiku nyumbani, kutembea ni karibu bure.

Sisi tunasema si kweli. Umeme una bei. Na pale ambapo mwenye gari hailipi bei hiyo, jirani yake ndiye anailipa.

Tufanye hesabu. Tuchukue Toyota Prius ya kuchaji, ile iliyotoka kuanzia 2017. Betri yake ni ya kilowati-saa 8,8, na ikijaa, gari inatembea karibu kilomita 40 kwa umeme peke yake. Haimalizi betri yote mpaka sifuri, lakini sehemu ya umeme inapotea kama joto wakati wa kuchaji. Kwa hiyo kontere ya nyumba itahesabu kilowati-saa 6 mpaka 7. Tuweke 7. Gari hiyohiyo ikitembea kwa esanse, kilomita 40 zinakula karibu lita 1,75. Barabara zetu za mawe na vilima zitapandisha hesabu zote mbili, lakini ulinganisho unabaki uleule: kilowati-saa nne zinafanya kazi ya lita moja.

Hapo mnunuzi anapata kanuni rahisi ya kushika. Chukua bei ya lita moja ya esanse, igawanye mara nne. Kama kilowati-saa moja kwako iko chini ya hapo, umeme ni nafuu. Kama iko juu, hakuna faida ya kuchaji.

Mfano: lita ikiwa dola 1,20, mpaka ni senti 30. Anayelipa senti 10 kwa kilowati-saa atatumia senti 70 kwa umeme, mahali pa dola 2,10 za esanse. Kwa siku 26 za kazi anabakiza zaidi ya dola 36. Lakini anayelipa senti 25 atatumia dola 1,75 kwa kilomita zilezile, na kwa mwezi mzima anabakiza dola 9 tu. Hizi ni bei za mfano. Kila mtu aweke bei iliyo kwenye risiti yake. Mtu asikubali kuongeza maelfu ya dola kwenye bei ya gari kabla ya kusoma risiti hiyo.

Na anayefikiri kuchaji kwa jenereta wakati umeme umekatika, aache. Jenereta ndogo ya esanse inatoa kilowati-saa 2 ao 3 kwa lita moja. Tumeona kwamba zinahitajika nne ili kufanya kazi ya lita. Ni afadhali kumimina esanse hiyo moja kwa moja ndani ya tanki la gari.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu mwenye kontere, hasa ile ya kulipia mbele, ambayo wengi wanaiita kashpawa. Anapochaji, anaona yuniti zikishuka. Anajua anachokula, na anakilipa mwenyewe.

Lakini katika miji yetu kuna nyumba nyingi zisizo na kontere. Zinalipa kwa forfe, yaani kiasi kilekile kila mwezi, uwe na taa tatu ao uwe na jiko la umeme, friji na pasi. Kwenye nyumba kama hiyo, gari ikichajiwa kila usiku haibadilishi kitu kwenye fakitire. Ndiyo maana mtu anasema ni bure. Tukumbuke uzito wa kilowati-saa 7: nyumba yenye taa kumi za wati 10, zikiwaka saa tano kila jioni, inatumia nusu ya kilowati-saa. Gari moja kwa usiku mmoja inakula umeme wa taa za nyumba hiyo kwa wiki mbili. Mama mwenye taa tatu analipa forfe ileile na mwenye gari. Hiyo si haki.

Tena kuna kabini ya kartiye. Kwenye prizi ya volti 200 na ampea 16, gari ya namna hii inavuta karibu kilowati 3 kwa saa mbili na zaidi. Magari kumi yakichomekwa pamoja saa moja ya jioni, wakati watu wanapika, yanachukua karibu theluthi moja ya nguvu ya kabini ya kVA 100. Kabini nyingi zimekwisha kulemewa. Zikiungua, avenyu nzima inakaa gizani, na mara nyingi wakaaji ndio wanachangishana pesa za kuzitengeneza.

Hatusemi watu wasinunue magari haya. Katika eneo letu moteri mbili zina maana: umeme ukikatika, kama ilivyotokea Goma wakati wa mapigano ya Januari 2025, gari inaendelea kwa esanse. Nchi yetu ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri nyingi za magari. Ingekuwa aibu Mkongomani awe wa mwisho kufaidika na betri hizo.

Na maji ya kutoa umeme hatukosi. Kituo cha Ruzizi I, cha megawati 29,8, kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, cha megawati 43,8, tunakigawana na Rwanda na Burundi tangu 1989. Kaskazini, kituo cha Matebe kilianza mwaka 2015. Lakini megawati hizo zinapaswa kwanza kufika kwenye nyumba, na kila nyumba ijue inatumia kiasi gani.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa makampuni ya watu binafsi na kuweka mamlaka ya kuisimamia. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, forfe ikomeshwe, kartiye moja baada ya nyingine, kwa kuweka kontere katika kila nyumba. La pili, bei ya kilowati-saa ya kila kampuni itangazwe wazi, kwa faranga na kwa dola, ili mwananchi apige hesabu yake bila kubahatisha. La tatu, iwekwe bei ya chini ya saa za usiku kwa wanaochaji wakati wengine wamelala, na mwenye kufunga prizi ya gari alazimike kuarifu kampuni kwanza, ili kabini ipimwe. Jirani zetu wa Rwanda walipitisha mwaka 2021 kwamba vituo vya kuchaji magari vilipe umeme kwa bei ya viwanda vikubwa. Sisi tunaweza kuanza na kitu kidogo kuliko hicho: kontere.

Kwa mnunuzi, maswali ni matatu. Je, nina kontere? Je, kilowati-saa yangu iko chini ya robo ya bei ya lita? Je, kabini yetu inaweza kubeba kilowati 3 zaidi? Mwenye kujibu ndiyo mara tatu anaweza kununua gari yake kwa amani. Mwenye kujibu hapana kwa swali la kwanza, aombe kontere kabla ya kuagiza gari, maana umeme anaouita bure unatoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.