Kalamu ya Mtawa Haikuishia Kanisani

Vitabu vingi vya historia huwaeleza watawa wa kale wa Misri kama watu walioupa ulimwengu kisogo wakakimbilia jangwani. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yana upungufu mkubwa. Jangwa hilo mara nyingi lilipakana na mashamba, na watu wa mashambani walikuwa na madeni, urithi na kesi.

Hebu tuutazame mji wa Djeme, uliojengwa ndani ya kuta za hekalu la Farao Ramses wa Tatu, ng'ambo ya Nile kutoka Luxor. Humo na katika makao ya watawa ya vilima vya jirani zimepatikana hati nyingi za Kikopti za karne ya 7 na ya 8: mauzo ya nyumba, wosia, mikopo. Hati nzito ziliandikwa kwenye mafunjo. Nyepesi kwenye vigae vya mitungi na vipande vya mawe ya chokaa, ambavyo mtu aliviokota bure. Mara kwa mara mwandishi hutamka wazi kuwa ameandika kwa niaba ya fulani, kwa kuwa fulani hajui kuandika. Wengi wa waandishi hao walikuwa mapadri, mashemasi na watawa.

Lugha nayo ilikuwa na uzito wake. Karibu na mwaka 600, Abraham, askofu na mkuu wa monasteri ya Phoibammon, aliandikiwa wosia kwa Kigiriki, lugha asiyoijua, ikabidi afafanuliwe kwa Kimisri. Baadaye Koloje, mwanamke mkopeshaji wa Djeme, aliweka hati za wadeni wake katika lugha ya nyumbani kwao. Ikisomwa mbele ya mashahidi, kila mmoja alielewa.

Hata hivyo, walimu wenzangu, tusiwapambe watawa kupita kiasi. Katika karne ya 8 wazazi kadhaa walitoa watoto wao wa kiume kwa monasteri hiyohiyo ya Phoibammon, na hati zikamfunga mtoto kuitumikia maisha yake yote. Zilitungwa kwa maneno ya kisheria yaleyale yaliyouza nyumba, zikawa na mashahidi vilevile. Mtoto hakuulizwa. Naomba mwanafunzi awekewe mezani hati ya mkopeshaji pamoja na hati ya mtoto huyo, kisha aulizwe ni nani aliyenufaika na kalamu.