Sonona yajificha nyuma ya misiba Kaskazini Mashariki

KATIKA kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, kuna neno la Kisomali ambalo hata watoto wanalifahamu: buufis. Asili yake ni kupuliza, kujaza kitu hewa. Kambini limepata maana nyingine, nayo ni shauku ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, shauku inayomjaa mtu hata asiweze kutulia na jambo jingine lolote. Mtafiti Cindy Horst, aliyeandika kuhusu wakimbizi hao katika kitabu chake cha mwaka wa 2006, alionyesha kwamba neno lilo hilo hutumiwa pia kwa maradhi yanayomshika mtu pindi shauku hiyo inapogonga mwamba.

Nayo imegonga mwamba mara nyingi. Kambi hizo zilianza kujengwa mwaka wa 1991, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto wao humo humo. Mnamo Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ingezifunga, hatua iliyobatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Januari mwaka huo huo, amri ya Rais Donald Trump iliwakuta baadhi ya wakimbizi wakiwa tayari wamefika Nairobi kusubiri ndege, wakarudishwa Dadaab. Januari 2025 Marekani ilisimamisha tena mpango wake wa kupokea wakimbizi.

Mtu aliyepitia hayo akikosa usingizi, akajitenga na wenzake na kuacha kula, nani atamwita mgonjwa? Majirani watasema ana haki ya kuhuzunika, na ni kweli. Hapo ndipo penye mtego. Eneo la Kaskazini Mashariki lina sababu tele za huzuni kiasi kwamba ugonjwa wenyewe hauonekani.

Hebu tuzihesabu chache. Wazee wa Wajir hawajasahau uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikaangamia katika maeneo kame ya Kenya. Kwa mfugaji, ngamia ni akiba, ni mahari, ni jina lake mbele ya wenzake. Akizikwa ngamia wa mwisho, huzikwa naye mengi.

Hata hivyo, wataalamu wa afya ya akili hutofautisha majonzi na sonona. Majonzi huja kama mawimbi: leo mtu analia, kesho anacheka akikumbuka jambo la marehemu. Anayeomboleza kwa kawaida hajidharau. Sonona haina mawimbi hayo. Humlalia mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili. Ladha ya vitu vyote hupotea, mwili hulegea, usingizi huparaganyika, na mtu hujiona mzigo kwa jamaa zake. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unaenda mbio. Basi hutibiwa malaria, kisha vidonda vya tumbo, kisha malaria tena.

Kiswahili chetu cha magazeti nacho hakijasaidia sana. Kwenye meza za habari, "msongo wa mawazo" umekuwa gunia la kutilia kila kitu, kuanzia karo ya shule hadi kujinyonga. Sonona, neno ambalo ndugu zetu wa Tanzania wamelizoea kuliko sisi, ndilo linalofaa kwa ugonjwa huu. Kwa ugonjwa wa pili katika kundi hili, bipola, hatuna neno ila "wazimu", na neno hilo huwafukuza watu hospitalini. Mgonjwa wa bipola hupitia vipindi vya sonona, kisha vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: hulala saa mbili tu na asichoke, husema bila kupumua, hugawa mali, huota biashara zisizowezekana. Jamaa husema kapandwa na majini. Kusomewa Kurani kunaweza kumtuliza moyo, wala hakumzuii mtu kumeza dawa. Madhara huja pale dawa inapokatazwa.

Chanzo cha maradhi haya si kimoja. Urithi una nafasi yake, hasa katika bipola. Kujifungua, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na maumivu ya utotoni yana nafasi yao. Miraa nayo haikosi: humnyima mlaji usingizi, na kukosa usingizi kunaweza kumsukuma mwenye bipola kwenye kipindi cha kuchangamka. Misiba mikubwa mara nyingi hutangulia kipindi cha kwanza cha ugonjwa, lakini vipindi vinavyofuata huweza kuja kwa chokochoko ndogo tu, au pasipo na chochote. Kwa hiyo mvua ikirudi, au jamaa wakipata visa, mgonjwa hawezi kudhaniwa kapona.

Tiba ipo. Mazungumzo na mshauri aliyehitimu husaidia, na dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, jambo ambalo mgonjwa asipoelezwa huziacha siku ya kumi. Lithiamu, inayotumiwa kwa bipola tangu daktari John Cade wa Australia aijaribu mwaka wa 1948, inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwili ukikosa maji dawa hiyo huzidi damuni na kuwa sumu. Katika joto la Garissa, na zaidi mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anayeitumia hana budi kushauriana na daktari kabla ya kufunga. Mtu anayetamka kwamba anataka kufa naye asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa miongo mingi, jibu la serikali kwa mgonjwa aliyezidiwa lilikuwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini Garissa, na safari ya siku nzima au zaidi kutoka Mandera. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2022 imezitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Na mnamo Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba.

Polisi, basi, wameondolewa kando ya kitanda cha mgonjwa. Nani atakayechukua nafasi yao huko Fafi, Ijara na Lagdera ni suala la bajeti, na bajeti hizo hupitishwa na madiwani wa Garissa wenyewe, si Nairobi.