Usingizi ni haki ya mwili: tusiwatupe wanaokesha kwa maradhi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Aliyetuwekea usiku tupumzike na mchana tutafute riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona vyema tuzungumzie jambo lisilosikika sana misikitini wala barazani, nalo ni maradhi ya kukosa usingizi. Katika mitaa yetu ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni, na hadi Pangani, Muheza na Mkinga, wapo watu ambao usiku kwao ni mtihani. Nyumba nzima imelala, yeye amekodoa macho, anageuka huku na huku mpaka jogoo wanawika. Asubuhi akiulizwa ana nini, hujibu kuwa hajambo, kwani anachelea kuambiwa amerogwa, au ameanza wazimu, au imani yake ni dhaifu. Sisi tunaona kuwa kimya hiki kinaziumiza familia nyingi, na haifai kuendelea nacho.

Tuanze na msingi wetu. Mwenyezi Mungu ameutaja usingizi kuwa ni mapumziko katika Sura An-Nabaa aya ya 9 na Sura Al-Furqaan aya ya 47, na katika Sura Ar-Ruum aya ya 23 ameutaja kuwa miongoni mwa ishara Zake. Basi usingizi si uvivu, ni neema. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha sahaba Abdullah bin Amr bin al-Aas (RA), aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Habari zilipomfikia Mtume (SAW), alimkataza kuendelea hivyo na kumkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Ikiwa aliyekesha kwa ibada alikumbushwa haki ya jicho lake, atasema nini anayekesha kwa televisheni na simu?

Sasa tutazame maradhi yenyewe. Usiku mmoja au miwili ya kukesha, kwa mfano kwa sababu ya msiba au mtoto mgonjwa, humpata kila mtu, nayo hupita. Madaktari huhesabu kuwa ni ugonjwa sugu pale mtu anapokosa usingizi, au anapokatikiwa nao, usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, hali nafasi ya kulala anayo, na mchana akawa hajiwezi. Mtu mzima anashauriwa alale saa 7 au zaidi. Akipungukiwa kwa muda mrefu, kumbukumbu hufifia, hasira huwa karibu, na hatari ya shinikizo la damu, kisukari na sonona huongezeka.

Madhara hayo hayamwishii mgonjwa peke yake. Baba asiyelala huwafokea watoto kwa kosa dogo. Mama aliyejifungua, anayeshindwa kulala hata pale mtoto anapolala, huenda ameshikwa na sonona ya uzazi, nasi tunamwambia avumilie tu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa macho tangu Alfajiri hubeba abiria hadi usiku wa manane. Wataalamu wamepima wakaona kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa akili na viungo kama aliyekunywa pombe. Sisi tunaoiogopa pombe kwa haki kabisa, tunampa mtu wa hali hiyo roho zetu na za watoto wetu mgongoni mwake.

Sababu za kukosa usingizi ni nyingi. Wapo wenye madeni, wenye majonzi, wenye maumivu na wenye wasiwasi. Wapo ambao kazi zao zimegeuza usiku kuwa mchana: wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao usiku wa giza, walinzi, wauguzi, na wafanyakazi wa zamu bandarini na viwandani. Hawa wanahitaji nyumba tulivu mchana, na familia ziwasaidie kuipata.

Lakini ziko sababu tunazojitakia. Mirungi huvuka kutoka Kenya na kushuka kutoka milima ya Same, na vijana wetu huitafuna kusudi wasilale. Baadaye usingizi wanautaka, nao umewakimbia. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya imeipiga marufuku, na hata bila ya sheria, mwenye akili anaona inavyomaliza nguvu na fedha ya nyumba. Kahawa ni halali, na baraza bila kahawa haijatimia, lakini nusu ya nguvu yake hubaki mwilini kwa kiasi cha saa 5. Anayeinywa saa 3 usiku, saa 8 usiku bado anayo.

Hapa ndipo penye neno gumu. Mtu wetu akikosa usingizi, mara nyingi mlango wa kwanza anaobisha ni wa mganga. Sisi hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'an imewataja. Tunachokataa ni kulifanya kila gonjwa kuwa jini, na kumpa mpiga ramli fedha ya chakula cha watoto. Tukumbuke mwaka 1995, Pemba na Unguja zilipotaharuki kwa habari za popobawa, watu wakaacha vyumba vyao wakakesha nje kwa makundi. Mengi yaliyosimuliwa yanafanana na jinamizi: mtu anazinduka, akili i macho lakini viungo vimefungwa bado na usingizi, anahisi amekaliwa kifuani. Madaktari wanaijua hali hii, na wanajua kuwa kukosa usingizi huizidisha. Basi hofu iliwanyima watu usingizi, na huenda kukosa usingizi nako kukaizidisha hofu.

Wapo pia wanaokimbilia duka la dawa na kununua vidonge vya usingizi bila cheti, wakiazimana kama chumvi. Vidonge vya aina ya diazepamu mwili huvizoea upesi, na aliyevitumia muda mrefu akiviacha ghafla huweza kupata madhara makubwa. Havitumiki ila kwa amri ya daktari na kwa muda mfupi.

Na sisi majirani tujihesabu. Vigodoro hupigwa hadi usiku mkubwa, na mgonjwa yuko nyumba ya tatu. Hata maulidi na mihadhara yetu huendelea na vipaza sauti wakati mwenye mtoto mchanga anahangaika. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (SAW), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akawakataza wasiudhiane kwa kisomo. Ikiwa Qur'an yenyewe haisomwi kwa kumuudhi mwenzako, ngoma itapata wapi ruhusa?

Dawa nyingine tunazo mikononi. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo yasiyo na haja baada yake. Alifundisha kutia udhu, kulalia ubavu wa kulia, na kusoma nyiradi za kulalia, zikiwemo Ayatul-Kursiyyu na sura tatu za mwisho wa Qur'an. Madaktari nao husisitiza kuamka saa ile ile kila siku, na Mwislamu ameshawekewa swala ya Alfajiri. Wanashauri kuwa usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, mtu asibaki kitandani akipigana nao. Basi na ainuke, aswali rakaa mbili au akae kwa utulivu mpaka usingizi umjie. Kailula ya mchana iwe fupi, na simu ilale chumba kingine.

Yakishindikana hayo kwa wiki kadhaa, twendeni hospitali, iwe ni Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Mtume (SAW) alituamrisha kutafuta tiba, na kisomo cha ruqya hakigombani na daktari. Yapo matibabu ya mazungumzo na mazoezi ya usingizi yasiyohitaji kidonge. Wala mkoa wetu si mgeni wa jambo hili, kwani kule Lutindi, wilayani Korogwe, wagonjwa wa akili wametunzwa tangu 1904. Na kukosa usingizi si wazimu, ijapokuwa kukipuuzwa huweza kuiharibu afya ya akili.

Ombi letu kwa maimamu ni kuliweka jambo hili katika hotuba, na kwa wazee wa nyumba ni kuuliza. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, muulize mkeo, mumeo au mama yako: je, unalala? Kisha usikilize jibu mpaka mwisho, bila ya kulitafutia mchawi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wote wanaokesha kwa maradhi na majonzi, na azijaalie nyumba zetu utulivu. Aamiin. Wabillaahi tawfiiq.